Tupeane uzoefu: diski ya kompyuta ya zamani inayofanya kazi bila kutumwa

Kipepeo: Wakuu, jana usiku nimeamshwa na kompyuta yangu. Nimefunga kila kitu, hata kipanya sijagusa, lakini taa ya diski inawaka mfululizo na ndani inakwaruza kama panya ghalani. Ni Windows 7, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) GB 2. Nani yamemkuta na alikuta nini?

Nondo: Angalia siku. Windows 7 ina ratiba yake ya kupanga upya diski (defrag, kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika) kila Jumatano saa 7 usiku. Mimi nilihangaika wiki 3 nikidhani ni kirusi, nikabadilisha hadi antivirusi. Kumbe ni ratiba.

Mama Pili: Yangu ilikuwa RAM. Ikijaa, mashine inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ya mizunguko 5400 kwa dakika haiwezi kwenda na kasi hiyo. Nilipoongeza ikawa GB 4, kelele zilikoma siku hiyohiyo.

Tuli: Kweli tupu. Yangu pia.

Msafiri: Zima Superfetch, ile huduma ya Windows inayopakia programu mapema kwenye RAM, utalala.

Mama Pili: Usizime kitu usichojua kinafanya nini. Fungua Resource Monitor, sehemu ya diski, uone ni faili gani linasomwa.

Mwana wa Msimulizi: Naandika kwa uchungu. Yangu haikukwaruza. Ilikuwa tk, tk, tk, inanyamaza, inaanza tena. Humo nilikuwa na sauti ya marehemu baba akisimulia ukoo wetu, saa nne nzima. Nikasoma mahali kwamba dawa ni chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski. Nikaiwasha na /r, ile inayokagua diski yote, nikalala. Alfajiri ilikuwa asilimia 11 na tk haikatiki. Nikazima kwa nguvu. Kuwasha tena, diski haionekani kabisa. Fundi wa kuokoa data alipoifungua alinionyesha mduara kwenye sahani inayobeba data, kama umechorwa kwa msumari. Kichwa cha kusomea kilikuwa kinaigusa sahani. Alirudisha dakika 38. Baba hajafika hata kwa babu yake.

Tuli: Pole sana ndugu yangu. Nimeacha kusoma, nimekwenda kunakili picha za mama.

Nondo: Pole. Ila chkdsk haikuiua. Diski ilikuwa inakufa tayari.

Bawaba: Nondo, hayo si ya kumwambia mtu wakati huu. Na /r inapita sekta kwa sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski. Diski mgonjwa ukiipitisha hapo ni kumkimbiza mwenye pumu mlimani. Nakala kwanza, ukaguzi baadaye.

Nondo: Sijapinga nakala. Soma tena nilichoandika.

Msafiri: Badilisha kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na kompyuta, kabla hujaitupa diski. Mimi ilikuwa kebo.

Bawaba: Kebo haikwaruzi. Kipepeo, weka CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, uangalie mistari ya 05 (sekta mbovu zilizobadilishwa) na C5 (sekta zinazoshukiwa kuharibika). Thamani ghafi ikiwa si sifuri, acha kila kitu unakili. Na ukihamia SSD, diski isiyozunguka, usiipange upya. Haina kichwa kinachotembea, unaichakaza bure.

Mwana wa Msimulizi: Kipepeo, tafadhali nakili leo.

Kipepeo: Nimerudi. Jana ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo si ratiba. C5 si sifuri. Nimeazima diski ya nje, nimeanza na folda ya watoto. Faili mbili zimegoma, nyingine zinapita polepole. Siigusi mpaka zifike.