Naomba ushauri: goti la mdogo wangu limefura baada ya kuhara
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mdogo wangu, miaka 27, alihara siku nne mfululizo. Wiki mbili baadaye goti la kulia na kifundo cha mguu vikafura, jicho nalo likawa jekundu. Sasa hata kuteremkia feri ya Likoni ni mateso, na ndiyo njia yake ya kazini kila siku. Daktari asema ni baridi yabisi iliyochochewa na bakteria wa tumboni. Kampa ibuprofeni tu, dawa ya maumivu na uvimbe; antibiotiki, asema, haziponyi viungo maambukizi yakishakwisha. Ingekuwa klamidia, ule ugonjwa wa zinaa, hapo angempa. Mama hatulii, ataka tukanunue antibiotiki ya doksisaiklini dukani. Mimi naogopa. Mliopitia haya, uvimbe ulichukua muda gani? Na jicho, tumuwahishe kwa daktari wa macho?