Vitamu vya duka la keki la Kifaransa kwa wageni wa Jumapili: kuuliza, kubeba, kuhifadhi

Swali, kutoka Villeurbanne

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Jumapili kuna wageni wanane, wawili kati yao watoto, na nataka kuwaandalia vitamu vya duka la keki la mtaani. Baadhi hawali nguruwe wala hawaonji pombe, na mtoto mmoja ana mzio mkali wa lozi. Nichukue nini, nisemeje pale dukani, na vitakaa muda gani bila kuharibika?

Jibu, kutoka Marseille

Wa aleikum salaam, dada. Watu huogopa siagi na mafuta ya unga, kumbe kinachowapita ni jelatini, kigandishi kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Keki zilizoandikwa «mousse» au «bavarois», na zile zinazong'aa juu kama kioo, kwa kawaida hugandishwa kwa jelatini, na hapa Ufaransa mara nyingi huwa ya nguruwe. Kibao cha bei hakisemi. Anza na «Bonjour madame», maana kuuliza kabla ya salamu ni utovu wa adabu hapa kama kwetu, kisha uliza kama kuna jelatini ndani: «Est-ce qu'il y a de la gélatine dedans ?» Akijibu «oui», endelea, ya nguruwe au ya ng'ombe: «De porc ou de bœuf ?» Akisitasita, iache keki hiyo, anayeuza mara nyingi siye aliyeipika. Na hata ikiwa ya ng'ombe, haina maana ni ya zabiha.

Kwa upande wa pombe, «baba au rhum» inajitaja yenyewe. Ya kuchunga zaidi ni «canelé», yenye ramu ndani ya rojo lake, «forêt-noire», yenye kirsch, pombe ya cheri, na keki za sponji zilizolowekwa shira, ambazo utaziulizia kama shira ina pombe: «Il y a de l'alcool dans le sirop ?» Katika vitu vya chumvi, palipoandikwa «lardons», quiche lorraine (pai ya mayai) ikiwemo, ni nguruwe.

Rahisi kuchagua ni ekleri (keki ndefu nyembamba yenye kastadi ndani), «flan» (pai ya kastadi iliyookwa) na «chouquettes». Kastadi ya ekleri na flan ni maziwa, mayai, sukari na wanga, haihitaji jelatini, ila wapo wanaoitonea ramu, kwa hiyo uliza tu. Chouquettes ni vidonge vyepesi vya unga uliookwa, vitupu ndani, vyenye chenga za sukari juu. Huuzwa kwa mfuko na watoto huvipenda sana.

Jibu, kutoka Lyon

Naongezea kuhusu mtoto. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataja vizio 14, na duka linatakiwa liwe na maelezo yake kwa maandishi: omba «la liste des allergènes», orodha ya vizio. Lakini orodha hiyo ni ya viungo vilivyotiwa kwa makusudi. Koleo lililoshika «croissant aux amandes», kroasanti ya lozi, ndilo litakaloshika flan yako, na unga wa lozi umetapakaa jikoni: uko kwenye vikeki vya macaron na financier, na kwenye galette, pai ya Januari. Hapa Lyon kuna pia «praline rose». Ule wekundu wa tarte na brioche ni lozi zilizovikwa sukari. Paris-Brest, keki ya umbo la pete, nayo krimu yake ni ya lozi au noisette (aina ya njugu) zilizosagwa. Mwenye mzio mkali asipewe chochote kilichotoka kabati la kioo, hata flan. Mpikie nyumbani, au mnunulie kilichofungwa chenye lebo.

Mkitaka kroasanti za asubuhi: neno «boulangerie», duka la mkate, mlangoni linalindwa na sheria ya 1998, ila linahusu mkate, kwamba umekandwa, umeumbwa na kuokwa hapo hapo. Kroasanti zinaweza kufika zimegandishwa kutoka kiwandani. Uliza kama zimetengenezwa hapo, «Elles sont faites maison ?» kisha ziangalie. Nzuri ina tabaka zinazohesabika kwa nje, na ukiikata ina matundu kama sega la nyuki. Ikiwa imeshikana kama mkate, ama haikuumuka vya kutosha, ama iliumuliwa kwenye joto kali mno, siagi ikayeyuka na kunywewa na unga kabla ya kuingia oveni. «Au beurre» ni ya siagi. «Ordinaire» kwa kawaida ni ya majarini.

Pasha kwa oveni, 160°C, dakika 4 au 5. Maikrowevu huilowesha kwa mvuke, na ikipoa inavutika kama mpira. Zilizobaki zigandishe siku ile ile, kwenye mfuko uliofungwa vizuri, zisizidi mwezi. Zikitoka ziende oveni moja kwa moja, dakika 8 hadi 10.

Jibu, kutoka Toulouse

Dada, agiza kufikia Ijumaa, useme «pour huit personnes», kwa watu wanane. Wakiomba malipo ya awali, «acompte», tunza risiti. Jumapili fika kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo foleni ni ndefu na vizuri vimekwisha. Beba sarafu, kwani maduka mengi madogo yana kima cha chini cha kulipa kwa kadi.

Sanduku likae sakafuni mwa gari. Kiti kimeinama nyuma, keki zitateleza zote upande mmoja. Nyumbani, friji kwenye 4°C, uzitoe dakika 15 kabla ya kula, na vya kastadi viliwe siku hiyo. Usigandishe ekleri: kastadi ikiyeyuka hutoa maji na ganda linalowa. Ukichukua mille-feuille, keki ya tabaka kavu zenye kastadi katikati, iliwe mwanzo kwa sababu hulainika baada ya saa chache tu, na uilaze ubavu ndipo uikate kwa kisu cha meno. Ukiikandamiza kutoka juu, kastadi yote inatokea pembeni.

Kwa wanane inatosha flan moja nzima, chouquettes 30 na ekleri 6 za wakubwa. Sahani ya mtoto mwenye mzio iandae kwanza, kwa kisu chake, kabla hujafungua masanduku.