Naanza lakrosi: ya boksi, ya uwanjani au ya watu 6? Nina dola 200

Sindano_Nyekundu (Syracuse, NY), Jumatano saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa 4 hapa Syracuse. Dirisha la jikoni kwangu linatazama uwanja wa shule, na kila ikifika Aprili nawaona vijana wakirushiana ule mpira kwa magongo yenye wavu mpaka giza linawafukuza. Nimechoka kutazama. Nataka kucheza.

Nimepata njia 3. Kuna wanaocheza boksi ukumbini, wanaanza Novemba. Kuna klabu ya uwanjani, hiyo haianzi mpaka Aprili ifike. Halafu kuna watu wazima wanaokutana Jumapili asubuhi kucheza 6 kwa 6, hakuna kujiandikisha. Bajeti yangu dola 200, kila kitu humo humo. Kuna mtu anauza gongo, helmeti na glavu, vyote dola 120, na anataka jibu Ijumaa. Nichukue? Na nianzie wapi?

Kipa_wa_Buffalo, Jumatano saa 4:15 usiku

Boksi. Mimi nakaa golini mwaka wa 6 sasa na sioni kwa nini mtu aanzie kwingine. Mnakuwa 5 na kipa, ndani ya ukumbi wa hoki ya barafu ulioondolewa barafu. Mpira ukimponyoka mtu unagonga ukuta unarudi, mchezo hausimami. Uwanjani mgeni anaweza kukimbia nusu saa nzima bila kuugusa. Boksi ndani ya dakika 10 umeshaupokea, umeshaupoteza na umeshafundishwa kosa lako. Goli ni dogo, futi 4 kwenda juu, kwa hiyo unajifunza kulenga badala ya kutumia nguvu tu.

Na ukija huku uje tuone Bandits, timu yetu ya boksi. Ubingwa wa NLL, ligi ya kulipwa ya boksi, 2023, 2024 na 2025, mfululizo. Wakongomani na Warundi wa Buffalo tumeanza kujaa kule jukwaani.

Vifaa vya dola 120 chukua kaka, helmeti mpya peke yake inazidi hapo.

Mto_Ruzizi, Alhamisi saa 12:05 asubuhi

Ndugu, taratibu kwanza. Hujatwambia umri. Hujasema kama umewahi kushika gongo la mchezo wowote. Kazi yako ni ya mikono au ya kukaa? Una bima? Hiyo helmeti ni ya mwaka gani? Bila hayo kila mtu hapa atakushauri anachokipenda yeye.

Ghala_Columbus, Alhamisi saa 1:30 asubuhi

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujampa mtu huyo dola 120.

Mwaka juzi nilinunua seti kama hiyo kwa mtu wa mtandaoni, dola 90. Helmeti ilikuwa inang'aa, nikaridhika. Glavu nilizivaa nikakunja ngumi mara moja basi, nikaona zinatosha. Kufika nyumbani mke wangu akaziinua dhidi ya taa akaniuliza, mbona mkono wa kulia mwanga unapita? Kiganja kilikuwa kimekatwa. Wapo wachezaji wanaokata ngozi ya kiganja ili walisikie gongo vizuri. Nikasema nitashona, sikushona.

Zoezi la 3, uwanjani, niko na mpira nakimbilia pembeni. Beki akanijia na lile gongo refu, yale yanayofika futi 6, akanigonga mikononi. Sheria inamruhusu: glavu iliyoshika gongo inahesabiwa kama gongo. Lakini kidole gumba changu kilikuwa kimepenya kwenye lile tundu, kiko nje kabisa. Nilisikia mlio kama njiti ya kiberiti ikikatwa. Wiki 7 sikuendesha forklifti, na mkataba wangu ulikuwa wa kulipwa kwa saa. Kodi ya mwezi wa 2 alilipa shemeji yangu, mpaka leo namwonea haya.

Baadaye kocha akaivua pedi za ile helmeti mbele yangu. Sponji la ndani limekauka kama mkate wa juzi, na chini ya stika kuna ufa. Muuzaji hakupokea simu tena.

Kwa hiyo: glavu zishike mkononi, geuza kiganja, tazama dhidi ya taa. Helmeti vua pedi, bandua stika zote. Akikukataza, ondoka.

Kipa_wa_Buffalo, Alhamisi saa 2:10 asubuhi

Pole sana ndugu. Ila hiyo ndiyo hoja yangu: boksi hakuna gongo la futi 6, tofauti ya urefu baina yetu ni ndogo.

Ghala_Columbus, Alhamisi saa 2:22 asubuhi

Boksi mnagongana mabega kwenye ukuta wa mbao. Tusimdanganye mgeni.

Eldoret_Magongo, Alhamisi saa 6:50 mchana

Mimi ningekwambia uwanjani, hasa kama ulicheza hoki shuleni. Pumzi unayo tayari, macho ya kusoma nafasi unayo, na kuinama kuufuata mpira chini hakukusumbui. Nusu ya lakrosi ya wanaoanza ni kuokota mpira chini.

Mto_Ruzizi, Alhamisi saa 7:15 mchana

Hapo sikubaliani. Waliotoka kwenye hoki ndio wanaosumbua kuokota. Wanausimamisha mpira kwanza, kisha wanauchota, na wakati huo wameshapitwa. Kwenye lakrosi unashusha mkono wa nyuma karibu na nyasi, gongo linalala, unapita nalo chini ya mpira bila kupunguza mwendo. Tena hoki inakuzoesha upande mmoja. Huku beki akigundua hutumii mkono wa kushoto, umekwisha.

Eldoret_Magongo, Alhamisi saa 7:31 mchana

Mkono wa kushoto unafundishika kwa mwezi mmoja wa kurusha mpira ukutani. Pumzi haifundishiki kwa mwezi.

Sindano_Nyekundu, Alhamisi saa 2:48 usiku

Asanteni wote. Ndugu Mto_Ruzizi, samahani, niliandika kwa haraka. Nina miaka 36. Hoki nilicheza sekondari, Moshi, winga. Nafanya kazi ya ushonaji, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyolisha watoto wangu wawili, na hadithi ya kaka wa Columbus imeninyima usingizi. Na Kipa, mimi si kaka. Ni mama.

Mama_Baltimore, Alhamisi saa 3:20 usiku

Dada, usinunue. Usinunue kabisa.

Wakuu, mmemshauri siku nzima bila kumuuliza jambo la kwanza la kuuliza. Kiswahili chetu hakitofautishi mke na mume, na kwenye maongezi mengi hilo ni raha, lakini kwenye lakrosi wanawake na wanaume wana michezo miwili kwa jina moja. Uwanjani wanawake hawaruhusiwi kugongana miili. Helmeti ngumu haivaliwi, ni kipa tu. Unachohitaji ni gongo la wanawake, miwani ya kinga na kinga ya meno. Gongo la wanaume marefa hawatakuruhusu kuingia nalo, kwa sababu mfuko wake, ule wavu wa kudakia, una kina kirefu. Wetu ni mfupi, mpira unakaa karibu na ukingo na lazima uubembeze kama mtoto mchanga la sivyo unaanguka. Binti yangu alianza hivyo hivyo na gongo la kaka yake, tukalirudisha.

Gongo la kuanzia dola 60 hivi, miwani 40, kinga ya meno dola chache. Unabaki na karibu 90, na glavu nyembamba zinaruhusiwa ukitaka kwa ajili ya vidole vyako.

Huku Maryland lakrosi ndiyo mchezo rasmi wa timu wa jimbo tangu 2004, wamama wa rika letu wanacheza wengi. Subiri Aprili, nenda uwanjani.

Kipa_wa_Buffalo, Alhamisi saa 3:41 usiku

Dada, niwie radhi, nilikuita kaka bila kuuliza. Lakini boksi ya wanawake ipo. Septemba 2024 mashindano ya dunia ya boksi yalifanyika Utica, saa moja kutoka kwako, na kwa mara ya kwanza wanawake walikuwa na kombe lao.

Mama_Baltimore, Alhamisi saa 3:50 usiku

Ipo, na wanavaa helmeti na pedi zote na wanagongana. Kwa dola 200 na vidole vya fundi, hapana.

Pwani_Toronto, Ijumaa saa 1:12 asubuhi

Mie naongeza la pembeni. Kazini waliniambia huu mchezo wa watoto wa shule za kitajiri. Si kweli. Ni wa Wahaudenosaunee na mataifa mengine ya asili, kwao ni ibada na dawa kabla haujawa mashindano. Yule daktari wa meno wa Montreal, Beers, aliandika sheria 1867 tu. Na hapo Syracuse alicheza Jim Brown, mtu mweusi, kabla hajawa nyota wa futiboli ya Kimarekani. Dada, Onondaga, moja ya mataifa ya Wahaudenosaunee, wako kusini tu ya mji wako, nenda ukawatazame wanavyocheza boksi.

Mto_Ruzizi, Ijumaa saa 1:30 asubuhi

Hao Wahaudenosaunee ndio walizuiwa 2010 wasiende Manchester kwenye mashindano ya dunia kwa kuwa Uingereza haikuzikubali pasipoti zao. Mchezo ni wao, wakaukosa kwa karatasi. Sisi tuliopanga foleni za viza tunajua uchungu huo.

Pwani_Toronto, Ijumaa saa 1:44 asubuhi

Na Los Angeles 2028 hawajapewa nafasi ya kuingia na bendera yao, maana hawana kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Inaniuma. Mchezo unarudi kushindaniwa medali Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu 1908, na wenyewe wanabishiwa mlangoni.

Eldoret_Magongo, Ijumaa saa 4:05 asubuhi

Uganda walifika mashindano ya dunia 2014, kule Colorado, wa kwanza Afrika. Kenya wakapeleka wasichana Peterborough, Kanada, 2019. Tunakuja.

Ghala_Columbus, Ijumaa saa 4:20 asubuhi

Turudi kwa dada. Olimpiki 2028 itakuwa ya watu 6, ndiyo hiyo ya Jumapili. Uwanja wa mita 70 kwa 36, kukimbia bila kupumzika. Wanaume na wanawake wanachanganyika hapo? Mpira ni ule mgumu au laini? Ule mgumu ni kipande kizima cha raba, karibu gramu 145. Bila helmeti uniambie kwanza.

Sindano_Nyekundu, Jumapili saa 8:30 mchana

Vile vifaa sikununua. Nilimwomba muuzaji niivue pedi helmeti, akasema hana muda.

Leo nimeenda kuwatazama. Wanachanganyika, wanawake walikuwa 5, mpira wanaotumia ni laini, unabonyea ukiuminya. Bibi mmoja wa miaka 60 hivi akaniazima gongo lake. Nimedaka 3, nimeangusha zisizohesabika, kisha ya 4 imeingia wavuni sawasawa na nikasikia uzito wake ukishuka mpaka kwenye viwiko. Mikono bado inatetemeka naandika hapa.

Sijaamua. Mama_Baltimore, hilo gongo la dola 60 wavu wake unaweza kufumuliwa na kufungwa upya? Nimeutazama wa yule bibi, ni fundo ambazo nazijua.

Mama_Baltimore, Jumapili saa 9:02 alasiri

Unaweza dada. Na ukijua kufunga wavu hapo Syracuse watakutafuta wewe. Nipigie picha fundo za pembeni.

Kipa_wa_Buffalo, Jumapili saa 9:10 alasiri

Na wavu wa kipa unafunga? Wangu umelegea upande mmoja tangu Agosti. Kuna mtu anapita Buffalo kwenda Syracuse wiki hii?