Waya wa umeme wa amplifaya: wa Dubai, wa kompyuta au wa kufungiwa na fundi?

MtotoWaNgamiani
Wakuu habari za jioni. Nina amplifaya ya Sansui na spika mbili, za kusikilizia santuri na redio nyumbani, si za shughuli. Nikiongeza sauti besi inalegea, kwa hiyo nataka kubadili waya wa umeme. Nimeletewa machaguo matatu. Kuna waya mnene wa hi-fi, umesukwa kwa nje, umetoka Dubai, mwenyewe anataka 180,000. Kuna waya wa kompyuta, huo ninao ndani. Halafu kuna fundi ananiambia ninunue waya wa 2.5 (unene wa shaba, milimita za mraba) kwa mita anifungie plagi. Upi unafaa? Mwenye waya anaondoka Tanga Jumamosi, nisaidieni mapema.

Fundi_Chumbageni
Sansui gani? Wati ngapi? Waya wa sasa unachomoleka nyuma au umetokea ndani ya mashine? Soketi yako ina ethi? Mkuu, unauliza mahari na bibi harusi hujamtaja.

SautiSafi
Chukua wa Dubai. Mimi nilibadili waya kwenye mtambo wangu hapa Raskazone, fidla na akodiani za taarabu zikajitenga kila moja na mahali pake, na nyuma ya mwimbaji pakatulia. Waya mnene unaupa mtambo pumzi. Watakuja watu wa vikokotoo hapa, wasikilize kwa adabu kisha nunua waya.

Mhesabuji
Nimeitwa, nimekuja.

Chukua amplifaya inayokula wati 250 ikiwa imefunguliwa sana. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 1.1 hivi. Waya wa shaba wa 1.5 wenye urefu wa mita 2, kwenda na kurudi mita 4, ukinzani wake haufiki omu 0.05. Zidisha: unapoteza kama volti 0.05 kati ya 230. Ukichukua mwembamba, wa 0.75, unapoteza 0.1. Jirani akiwasha pasi umeme wako unayumba kuliko hapo. Umeme wa mitambo ya maji ya Hale na Pangani unakufikia kwa kilomita nyingi za nyaya za aluminiamu juu ya nguzo, leo mita mbili za mwisho ndizo ziutie baraka?

SautiSafi
Muziki si volti peke yake. Kuna uchafu wa chaja na taa za LED unaopita kwenye waya. Waya wa maana una wavu wa kuuzuia.

Mhesabuji
Wavu unazuia ule unaopepea hewani karibu na waya. Ulioingia tayari kwenye nyaya za nyumba unasafiri pamoja na umeme mpaka ndani ya mashine, uwe umelipa 180,000 au elfu tano. Chomoa hizo chaja za bei poa, ni bure. Tena fanya jaribio moja: ukae umegeukia ukuta, mtu abadilishe waya bila kukwambia, uone utapatia mara ngapi.

SautiSafi
Mimi sifanyi mtihani nyumbani kwangu.

DadaWaMakorora
Nisimulie yaliyonikuta, labda yatamsaidia kaka hapo juu. Nyumba tuliyokuwa tumepanga ina fezi tatu. Mume wangu alinunua waya mnene wa aina hiyo hiyo, akaufunga kwenye amplifaya, raha mustarehe. Jioni moja taa ya chumbani ikaanza kuwaka kwa ukali, feni inazunguka utadhani inataka kuruka, huku sebuleni taa zimefifia hata uso wa mtu huuoni vizuri. Sisi tukasema umeme umeongezeka, basi, tukaendelea na chakula. Hatukumaliza hata kunawa, harufu ya kuungua ikatoka kwenye amplifaya, kisha kwenye king'amuzi.

Fundi alikuja kesho yake, akafungua meinswichi, akakuta skrubu ya nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imelegea na waya umekuwa mweusi. Akatueleza kwamba nyutro ikikatika kwenye fezi tatu umeme haugawanyiki sawa tena, chumba kimoja kinapata nyingi na kingine kidogo. Alipima: chumbani zaidi ya volti 300, sebuleni hazifiki 150. Aliyefunga meinswichi hiyo alishalipwa na simu hapokei. Na ule waya wa bei ulitoka mzima, haujababuka hata kidogo! Mashine ndiyo iliyokwisha. Hizo laki na ushee ziende kwenye stebilaiza yenye kukata umeme ukizidi, na fundi wa kukaza skrubu.

Mwambao
Pole dada. Ila SautiSafi, taarabu ya akodiani na fidla ni ya kwetu Unguja. Tanga mnapiga magitaa mnaita taarabu.

SautiSafi
Mwambao usituchokoze. Vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilitoka wapi kama si Tanga? Walitia gitaa na besi watu wakainuka vitini, na pwani nzima ikaiga.

Mwambao
Kikundi chetu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, wakati huo Tanga mnafanya nini?

Mzee_wa_Chuda
Tulikuwa tunalima mkonge. Rudini kwenye waya.

MtotoWaNgamiani
Shikamoo mzee. Nimeangalia nyuma. Pameandikwa AC 100V 50/60Hz, ni mtumba wa Japani. Waya umetokea ndani, plagi yake ina vibapa viwili. Nachomeka kwenye kiboksi kizito nilichopewa pamoja nayo, kiboksi ndicho kinaenda ukutani. Kinapata moto. Kimeandikwa 200W.

Fundi_Chumbageni
Sasa tunaongea. Wote hapo juu wamebishana bure, mimi nikiwemo ningebisha.

Kwanza, waya wa Dubai una kichwa cha matundu matatu, na mashine yako haina pa kukichomeka. Huo wa kompyuta vilevile. Labda utoboe mgongo wa Sansui, na mimi sikushauri, utaiharibia thamani.

Pili, kiboksi hicho ni transfoma ya kushusha 230 kuwa 100. Angalia nyuma ya Sansui ilikoandikwa inakula wati ngapi. Ikiwa ni 250 au 300, kiboksi cha 200 kimezidiwa, na vingi vya mtumba hata hizo 200 zilizoandikwa havifiki. Ukipandisha sauti volti zinaanguka kwenye kiboksi, besi inalegea, na joto ndilo hilo unalolisikia. Tafuta cha 500 au zaidi. Silaumu waya hata kidogo.

Tatu, usije ukakosea ukachomeka vile vibapa ukutani kwa adapta. 230 kwenye mashine ya 100, ukiwa na bahati itakufa fyuzi peke yake.

Nne, huo waya wa 2.5 wa kupitisha ukutani ni mgumu, ukiukunja kunja unakatikia ndani. Ukitaka waya wa kutoka kwenye kiboksi kwenda ukutani, nunua fleksi ya nyuzi nyingi, 1.5 inatosha na kubaki. Kwangua ncha kwa kisu kabla hujalipa: ndani ikiwa nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie. Kwenye plagi weka fyuzi ya ampea 5, usiache ya 13, na asikudanganye mtu kukufungia uzi wa waya badala ya fyuzi.

DadaWaMakorora
Na kama unakaa karibu na bahari, safisha miguu ya plagi. Chumvi inaifanya kijani, inashika nusu nusu na kupata moto.

SautiSafi
Transfoma sawa, abadilishe. Lakini akishapata ya 500, kati ya ukuta na transfoma bado kuna waya. Hapo ndipo wa Dubai unaingia.

Mhesabuji
Hukati tamaa wewe.

MtotoWaNgamiani
Nyuma imeandikwa 280W. Na mwenye waya ameshusha mpaka 120,000, anasema ni kwa sababu yangu tu.

Fundi_Chumbageni
Ameshusha kwa sababu Jumamosi imekaribia.

Mzee_wa_Chuda
Kijana, umesema una santuri. Zipi? Mimi nina za bendi zetu za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zile ndogo za 45, na sindano yangu imekwisha. Sindano nzuri utaisikia kabla ya waya wowote.

MtotoWaNgamiani
Mzee nina chache za Jamhuri, marehemu babu aliziacha. Zina tundu kubwa katikati, sina kile kipete cha kuzikalishia.

Mwambao
Kipete mwambie seremala akuchongee cha mbao, mimi nilifanya hivyo. Kikae sawasawa katikati, kikipotoka sauti inayumba.

Mzee_wa_Chuda
Ninavyo viwili vya plastiki. Una za Jamhuri zipi? Taja za pande zote mbili.