Naomba ushauri: seli zangu za HEK293 zinapoteza kipokezi

Hamjambo nyote. Niko Nairobi, nasomea uzamili, na ninapima dondoo za mimea ya maumivu kwenye seli za HEK293 (seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara) zilizopandikizwa kipokezi cha opioidi aina ya myu, yaani protini ambayo dawa kama mofini hujishika nayo. Kipokezi hiki hupunguza cAMP (molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli), hakipandishi kalisiamu vya kutosha kusomeka, ndiyo maana seli zimeongezewa protini ya Gα16, inayounganisha kipokezi na njia ya kalisiamu, ili rangi ya Fluo-4 ing'ae kalisiamu inapopanda.

Mwanzoni DAMGO (kemikali inayoamsha kipokezi hiki) ilikuwa inawasha kisahani kizima. Sasa kadiri ninavyozigawa seli, mwanga unafifia, hadi mchoro wa dozi hauaminiki tena. Ila nikidondosha ATP, zinang'aa vizuri kama zamani. HEK293 zina vipokezi vya asili vya ATP, kwa hiyo naona rangi na mashine ni salama. Kinachopotea ni kipokezi au Gα16.

Maikoplasma (bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara) nimepima, hakuna. G418 (dawa inayoua seli zisizo na jeni la ukinzani) iko kwenye chakula cha seli muda wote. Niliyeyusha kichupa cha awali kutoka kwenye naitrojeni, kikaanza vizuri, kisha yakawa yale yale. Nashuku promota ya CMV (kipande cha DNA kinachowasha jeni lililopandikizwa) inazimwa.

Je, nitenge seli moja moja kwenye kisahani cha matundu 96 nitafute ukoo (seli zote zilizotokana na seli moja) unaodumu, au ni heri niingize jeni upya kwa promota nyingine, ya EF1α? Na bila mashine ya kuchambua seli, ukoo bora nitautambuaje? Vichupa vya awali vimebaki vichache, sitaki kuviyeyusha ovyo. Nitashukuru sana.