Orodha za "kambi karibu na Yuma" zinatupotosha, na wenye watoto ndio tunaoumia

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekasirika na sitazunguka mbuyu. Ukitafuta kwenye simu mahali pa kuegesha RV (gari au trela la kulala ukiwa safarini) au kupiga kambi karibu na Yuma, Arizona, unaletewa orodha ndefu yenye nyota na picha za mitende. Sehemu kubwa ya orodha hiyo haikuhusu kabisa ikiwa una watoto, au trela la zamani, au karatasi za uhamiaji ambazo bado zinashughulikiwa. Hakuna anayekwambia mapema. Unaambiwa getini, jua linazama, watoto wana njaa na tangi la maji machafu limejaa.

Kwa wasiopajua: Yuma iko pembe ya kusini magharibi ya Arizona. Mto Colorado unaitenganisha na California, na Mexico iko hapo hapo. Sisi wa Phoenix tunafika kwa barabara ya I-8, kama kilomita 300. Kiangazi hakukaliki, joto linapita nyuzi 45, kwa hiyo watu wote wanamiminika msimu mmoja, wa baridi. Wastaafu wa Canada na majimbo ya kaskazini wanakuja na RV zao wanakaa mpaka Machi au Aprili. Mji uliokuwa na watu 95,000 na ushee kwenye sensa ya 2020 unapokea makumi ya maelfu ya wageni juu ya hao. Likizo ya watoto wetu ya Desemba inaangukia katikati ya msongamano huo. Hatuna msimu mwingine wa kuchagua, na hapo ndipo wanapotukamatia.

Kero yangu kubwa ni umri. Kambi nyingi za binafsi Yuma ni za watu wa miaka 55 na kuendelea. Sheria inawaruhusu na sibishani nayo. Sheria ya makazi ya Marekani iliporekebishwa mwaka 1988 ilikataza kubagua familia zenye watoto, ila ikaacha nafasi kwa makazi ya wazee. Marekebisho ya 1995 yakasema inatosha asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na angalau mtu mmoja wa miaka 55. Wazee wana haki ya utulivu wao. Ninachopinga ni kambi ya aina hiyo kuwekwa kwenye orodha ikiwa na picha ya bwawa la kuogelea na maneno "inafaa familia".

Tulibuku kupitia tovuti. Kwenye fomu tukajaza wazi idadi ya watu wazima na ya watoto, mfumo ukapokea, hela ikakatwa. Tulipofika, mama wa mapokezi akatoka, akatazama viti vya nyuma, akasema samahani, hapa watoto hawalali, wanaruhusiwa kutembelea bibi na babu zao tu. Hakuwa mkali, na sina ugomvi naye. Lakini hela yetu? Akasema iko kwa tovuti. Tovuti inasema uamuzi wa kurudisha ni wa kambi. Hadi naandika hapa tunapigwa danadana, kila mmoja ananituma kwa mwenzake, na ukisoma barua pepe zao unaona kabisa hakuna aliyesoma nilichoandika. Kama mfumo unauliza umri wa watoto, kwa nini unapokea pesa ya mtu ambaye kambi haimtaki? Wanauliza ili iweje?

Mwanangu wa pili akauliza, "Mama, tumefanya kosa gani?" Nilikosa la kumjibu. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Kambi iliyofuata ilipokea watoto. Hapo tukakutana na sharti la pili: RV ikizidi miaka kumi haiingii, au utume kwanza picha meneja aitazame. Sharti hili lipo kwenye kambi nyingi za binafsi nchi hii, si Yuma peke yake. Trela letu ni la 2011. Tulilinunua mkononi, kama wengi wetu tunavyonunua, mume wangu akalibadilisha matairi, akaziba paa, akaweka betri mpya. Halivuji hata tone. Nimeona trela jipya kuliko letu lililochakaa kuliko letu limekaa ndani ya kambi hiyo hiyo. Lakini kijana wa zamu alitazama mwaka kwenye kadi ya usajili, akarudisha kadi. Kwenye ukurasa wao wa orodha sharti hilo halimo. Limo kwenye karatasi ya kanuni ambayo unapewa ukishafika.

Na zile zisizo na sharti la umri wala la mwaka wa gari, nyingi msimu huu zinapokea wa mwezi mzima au wa msimu tu. Ukiomba usiku mbili tatu wanakutazama kama umepotea njia. Sawa, ni biashara yao. Basi iandikwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ni la hatari, si la kero tu. Hizi tovuti zinapima "karibu" kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Haziujui mpaka. Ukiandika Yuma unaletewa sehemu za Los Algodones na San Luis Río Colorado, na hata ufukwe wa El Golfo de Santa Clara kule chini, jimbo la Sonora, zimepangwa sawasawa na za Arizona, kilomita zimeandikwa, neno Mexico halionekani mpaka ubonyeze ndani. Mmarekani mwenye pasipoti yake hiyo haimsumbui; maelfu wanavuka kila siku kwenda kwa madaktari wa meno wa Los Algodones na kurudi jioni. Lakini hapa jukwaani tumo sisi. Wapo Wakongo na Warundi waliopokelewa Phoenix na Tucson kama wakimbizi. Wapo wenye maombi ya hifadhi yanayosubiri. Mwenye kadi ya ukazi ya kudumu Mexico inampokea bila viza, na anarudi. Mkimbizi anayevuka bila hati ya kusafiria ya wakimbizi anajiingiza matatani, na mwenye kesi ya hifadhi akitoka bila kibali anaweza kuhesabiwa kuwa ameitelekeza kesi yake. Miaka ya kusubiri inapotea kwa sababu mtu alifuata mshale wa ramani akitafuta mahali pa kulala na wanawe! Naomba hili lisichukuliwe kijuujuu. Kabla hujafuata uelekeo, tazama jimbo na nchi.

Hata ukibaki huku ndani, tembea na karatasi. Kwenye barabara ya US 95 ukitoka Yuma kuelekea kaskazini kuna kizuizi cha Border Patrol, askari wa doria ya mpakani, na watauliza uraia wa kila aliyemo garini. Sheria inamtaka mhamiaji wa miaka 18 na zaidi awe na kadi yake mwilini, si nyumbani kabatini.

Aliyetuokoa usiku ule ni dereva mmoja Mkenya, rafiki wa mume wangu, ambaye msimu wa baridi hupakia mboga Yuma. Tulimpigia simu tukiwa tumeegesha kwenye kituo cha mafuta. Akasema achaneni na hizo tovuti, nendeni kwenye ardhi ya BLM. Hilo ni shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma, na huko hakuna anayeuliza mtoto wala mwaka wa trela.

Nieleze vizuri, maana hapa nako orodha zimeandika ovyo.

Imperial Dam, ambako ndiko tulikolala, iko kaskazini ya mji, upande wa California. Ni eneo la kukaa muda mrefu. Msimu wake unaanza 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kwa miaka mingi ada imekuwa dola 180 kwa msimu mzima au dola 40 kwa siku 14 mfululizo. Hakuna bei ya usiku mmoja, kwa hiyo hata ukilala mbili unalipa zile 40, na bado ni nafuu kuliko kambi za mjini. Kuna maji ya kunywa na mahali pa kumwaga maji machafu. Hakuna umeme, kwa hiyo sola au jenereta ni juu yako. Orodha nyingi zinaiweka kama "kambi ya mahema". Si kweli. Kanuni inataka uwe na chombo chenye tangi la kuhifadhi maji taka, na mwenye hema anatakiwa akae ndani ya futi 500 kutoka kwenye vyoo vya eneo hilo, si popote anapopenda. Jambo jingine ni saa: Arizona haibadilishi saa, California inabadilisha, kwa hiyo msimu wa baridi mkivuka mto mnakuta saa imerudi nyuma moja, na simu inarukaruka kati ya minara ya huku na huku. Ukiwa na miadi mjini, angalia saa ya ukutani.

Mittry Lake iko kaskazini mashariki, ni bure, na ina kikomo cha siku 10 kwa mwaka. Nimeona tovuti imeipa alama ya "huduma zote". Huduma zipi? Nenda na maji yako na urudi na taka zako. Ni pazuri, bata wamejaa, watoto wanavua samaki, lakini anayefika pale akitegemea bomba atateseka.

Ukienda mbele zaidi na US 95 kuna hifadhi ya wanyama ya Kofa, iliyoanzishwa 1939. Kulala unaruhusiwa siku 14 ndani ya miezi 12, gari lisitoke zaidi ya futi 100 kutoka barabarani. Hakuna maji.

Upande wa magharibi, I-8 inapita kwenye matuta ya mchanga ya Imperial. Hayo orodha moja imeyaita "utulivu wa jangwani". Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Aprili ndiko wanakokusanyika wenye pikipiki na vigari vya mchanga, na sikukuu ya Thanksgiving (ile ya shukrani, Novemba) wanafika makumi ya maelfu, injini zinanguruma mpaka usiku wa manane. Kibali chake ni cha wiki au cha msimu, na cha wiki ukikinunua ukiwa umeshafika kina bei juu kuliko ukikinunua mapema. Anayempeleka mtoto mchanga kule kwa kufuata neno "utulivu" ametendewa ubaya.

La mwisho kwenye hili: kuna alama za "kambi ya bure" zilizobandikwa na watumiaji ndani ya eneo la majaribio la jeshi, Yuma Proving Ground, na ndani ya uwanja wa mazoezi ya kijeshi wa Barry M. Goldwater Range. La kwanza ni eneo la kufyatulia silaha, mnaweza kukuta vitu ardhini ambavyo havijalipuka. La pili linahitaji kibali kwanza. Nimeripoti alama mojawapo kwenye programu husika na bado ipo.

Ninachodai hakihitaji teknolojia mpya. Kila kambi kwenye orodha iandike juu kabisa, kabla ya picha: watoto wanalala au hawalali, RV ya mwaka gani inakataliwa, inapokea wa usiku mmoja au wa mwezi, maji yapo au hayapo, iko nchi gani. Na tovuti ikishapokea hela ya familia ambayo kambi haiipokei, irudishe yenyewe siku hiyo hiyo. Nimeandika malalamiko kwa tovuti, na sasa nayapeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Arizona, ambayo ina dawati la walaji na inapokea malalamiko mtandaoni. Waliotendewa hivi nao wapeleke, tukiwa wengi hawatatupuuza.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyeandika "si ungepiga simu kwanza": nilipiga. Namba iliyoko kwenye orodha haiendi kambini, inaenda kwa wahudumu wa tovuti walio jimbo jingine, wanaosoma skrini ile ile ninayoisoma mimi. Namba halisi ya kambi niliipata kwenye bango la getini.

Uliyesema tungelala kwenye maegesho ya supamaketi: inategemea meneja wa duka na kanuni za mji, na si mahali pa kuwaamsha watoto saa nane usiku mlinzi akigonga dirisha. Tumelipa hela ya kambi, tulistahili kambi.

Dada wa Tucson uliyeuliza kama Imperial Dam ni salama kwa mama peke yake na watoto: majirani zetu walikuwa wazee waliokuwa wakirudi pale kila mwaka. Walituonyesha maji yalipo, wakawapa watoto baiskeli wachezee. Mtandao wa simu kuna mahali unashika na mahali haushiki, kwa hiyo pakua ramani kabla hujatoka mjini, na ujaze tangi la maji na la mafuta Yuma.

Wenye uzoefu wa kambi za binafsi Yuma zinazopokea watoto, wekeni hapa: jina la kambi, mwezi mliolala, umri wa watoto, mwaka wa RV, bei mliyolipa, na namba ya simu iliyoandikwa getini. Nitazipanga juu ya uzi huu, na sitaweka kambi ambayo hakuna mwanajukwaa aliyelala na watoto wake.