Mrejesho: ule ukuta wa kubomoka, hatimaye umeanguka

Wakubwa, jambo. Ni mimi wa Katuba, Lubumbashi, niliyeuliza hapa kwa nini ukuta niliobomoa kwa Blender (programu ya kompyuta ya kutengeneza picha za 3D) ulionekana kama maboksi matupu yanaanguka.

Wewe uliyeniambia niache kompyuta kwanza, nikushukuru vipi? Nilijenga ukuta mdogo wa plasta, robo ya kipimo cha kweli, nikaukata mistari ya matofali kwa msumari kabla haujakauka vizuri. Nikaurekodi kwa picha 60 kwa sekunde, nikaucheza kwa 30. Hesabu yenyewe ni kipeuo cha pili: kitu kikiwa kidogo mara 4, unakipunguza mwendo mara 2 (kipeuo cha pili cha 4), na hapo ndipo kinapata uzito. Mara ya kwanza sikupunguza, kikawa kichekesho.

Vumbi ndilo lilinitesa. Nilianza na unga wa bukari (ugali); mama akanifukuza jikoni, na haki yake. Tena unga ukiwa hewani karibu na moto unaweza kulipuka, kwa hiyo msijaribu. Nikachekecha udongo wetu mwekundu, rangi ikakubaliana na matofali moja kwa moja.

Nyuma niliweka kitambaa cheusi, kisha nikaunganisha na video ya rafiki yangu akikimbia. Jua lilimpiga kutoka kushoto, kwa hiyo ukuta nao niliupiga jua la saa ileile, upande uleule.

Blender nimeiachia vipande vichache tu vinavyoruka mbele ya kamera. Kivuli cha kimoja bado kinaelea. Hicho nitakirekebisha umeme ukirudi.